Mkono wa Themosi

Wilmar Bidegain alikuwa na miaka hamsini na saba, duka la kutengeneza cherehani, mke mmoja, na pigo la tenisi la mgongo wa mkono ambalo mji mzima wa Mercedes uliujua ubaya wake. Mpira ukimjia upande wa kulia, alikuwa mchezaji wa tenisi. Ukimjia upande wa kushoto, alikuwa mtu anayefukuza nyuki. Aliukata kwa chini, kwa mkono mmoja, nao ukapaa taratibu, ukavuka wavu kwa rehema za Mungu, ukamwangukia mpinzani mahali pazuri kama zawadi ya harusi.

Kwa miaka kumi na tisa hilo halikumsumbua sana, kwa sababu wakongwe wenzake wa klabu ya Tres Sauces nao walikuwa na kasoro zao. Mmoja hakuona vizuri kuanzia saa kumi jioni. Mwingine alihesabu pointi kwa namna yake. Timu ya wakongwe ilikuwa na nafasi nne, na Wilmar alikuwa wa nne. Hakuwahi kutaka kuwa wa tatu.

Kisha shemeji yake akastaafu.

Hebert Olazábal, kaka wa mkewe, alirudi kutoka Salto na pensheni, raketi mbili mpya, na pigo la mikono miwili alilojifunza ukubwani kwa kutazama mafunzo kwenye simu. Lilikuwa pigo la kuchukiza macho, kama fundi anayechota zege kwa koleo. Lakini mpira ulirudi. Ulipigwa vyovyote, ukarudi.

Wakongwe wakakaa kikao, wakanywa, wakaamua. Timu ya mji wa Fray Bentos ingekuja baada ya wiki nne. Jumapili moja kabla ya hapo, Wilmar na Hebert wangecheza seti moja. Mshindi angekuwa wa nne. Atakayeshindwa angechoma nyama ya wageni.

Mtu asiyeijua Tres Sauces angesema hiyo si adhabu, kuchoma nyama ni heshima. Angekuwa hajamwona Ledesma. Ledesma alipelekwa jikoni mwaka wa tisini na nane, kwa mechi moja tu, kwa sababu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Alichoma vizuri. Watu wakampigia makofi. Mechi iliyofuata wakamwambia, choma tu leo pia, mwenzetu, wewe una mkono wa nyama. Mpaka leo raketi yake inaning'inia ukutani nyuma ya jiko, na anaitumia kupepea mkaa. Hakuna aliyewahi kutoka pale jikoni akarudi uwanjani. Wilmar alilijua hilo, na alichoma nyama vizuri sana. Hapo ndipo palipomtisha.

"Shemeji," Hebert alimwambia siku ile walipotoka kikaoni, akimwekea mkono begani, "usihuzunike. Mimi mbavu napenda ziive taratibu, mafuta yakauke kwa juu."

"Utazichoma upendavyo wewe mwenyewe."

"Hilo pigo lako, shemeji, nimelitazama vizuri. Ungeweka mkono wa pili pale, ungeokoka."

"Mkono wa pili una kazi zake."

"Kazi gani?"

Jibu la Wilmar lilikuwa wazi kwa macho. Chini ya kwapa lake la kushoto kulikuwa na themosi ya maji moto, imebanwa mbavuni, na mkono huohuo ulishika kibuyu cha yerba, ile chai ya majani machungu, chenye mrija wake wa fedha. Hivyo ndivyo alivyotembea tangu akiwa na miaka kumi na saba, dukani, benki, msibani, kama kila mtu wa mji ule mwenye akili zake. Mkono wa kulia unabaki huru kwa kusalimia na kufungua milango. Hebert yeye aliweka ya kwake katika mkoba wa ngozi wenye mkanda wa begani. Wilmar aliuona mkoba ule kama kitu cha watalii, na alikuwa amemwambia mkewe hivyo zaidi ya mara moja.

Kesho yake alikwenda klabuni peke yake na kapu la mipira, akaanza kupiga ukutani upande wa kushoto. Alipiga mia moja. Alikuwa mtu wa mpangilio, kwa hiyo aliandika kwenye daftari: iliyorudi vizuri, sita. Akapiga mia nyingine. Nne.

"Unazidi kuharibu," sauti ikasema.

Alikuwa Bi Zulma, mtunza viwanja. Alikuwa na miaka sabini, alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, na mbele yake lilikuwa limelala gunia refu lililofungwa kwenye ubao, lile analoliburuta juu ya udongo mwekundu kila baada ya mchezo ili kufuta alama za miguu. Hakuwahi kushika raketi maishani mwake isipokuwa kuiondoa njiani.

"Bi Zulma, unajua tenisi?"

"Sijui. Najua udongo. Miaka thelathini nafuta nyayo zenu. Za Ledesma zilikuwa ndogo, anakimbia kwa vidole. Shemeji yako anachimba, Mungu amlaani, nashinda nafukia mashimo. Wewe upande wa kulia unaacha nyayo kama mtu. Upande wa kushoto unaacha nyayo za ng'ombe aliyefungwa kamba."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kuna kitu kimekushika. Weka hiyo themosi chini."

Wilmar akatazama. Kweli alikuwa ameiweka benchi zamani, kabla ya kuanza kupiga. Akamwonyesha.

"Iko benchi, Bi Zulma."

"Naona. Sasa mwambie mkono."

Akautazama mkono wake wa kushoto. Kiwiko kilikuwa kimebana mbavu, kifundo kimekunjwa mbele ya tumbo, vidole vimezunguka kibuyu ambacho hakikuwepo. Akaunyoosha. Ukanyooka. Akachukua raketi, akarusha mpira, akajiandaa kupiga upande wa kushoto, na kabla raketi haijarudi nyuma mkono ukawa umejirudisha mahali pake, umebana, unalinda maji yasimwagike.

Alikaa chini kwenye udongo. Miaka kumi na tisa alikuwa akicheza tenisi na themosi chini ya kwapa.

"Uliliona lini hili?"

"Mwaka ulipoingia timuni."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Bi Zulma alisema. Kisha akaongeza, kwa upole, "Nawe ulikuwa na furaha zako."

Masharti ya Bi Zulma yalikuwa mawili. La kwanza, wiki tatu Wilmar asibane themosi chini ya kwapa, wala dukani wala nyumbani wala kanisani. La pili, kila jioni aburute gunia kwenye viwanja vyote viwili, kwa mkono wa kushoto, mkono ukiwa umenyooka nyuma yake, mizunguko arobaini.

"Arobaini?"

"Bega lako limeota kutu. Unataka kulipaka mafuta au unataka kuchoma mbavu?"

Kuhusu pigo lenyewe alimwambia kidogo tu, maana alijua kidogo tu. Mkono wa kushoto ushike raketi shingoni na uirudishe nyuma, mpaka bega la kulia lije chini ya kidevu na mpira uonekane juu yake. Mpira upigwe mbele ya mguu wa kulia, usingojwe mpaka ufike kiunoni. Na raketi ikienda mbele, mkono wa kushoto uende nyuma, vyote viwili kwa wakati mmoja, kama mtu anayefungua mapazia asubuhi.

"Hilo la mapazia umelitoa wapi?"

"Kwenye mgongo wa Ledesma. Alikuwa anafungua mapazia vizuri sana yule, kabla hamjamtia kwenye moshi."

Siku ya kwanza Wilmar alifungua mapazia na mpira ukavuka uzio, ukavuka barabara, ukaingia kwenye banda la kuku la jirani. Siku ya pili ilikwenda huko mipira saba, na jirani akaja kuuliza kama klabu ina ugomvi na kuku wake. Siku ya sita, kati ya mia, ishirini na miwili ilirudi vizuri. Wilmar aliandika. Siku ya kumi, arobaini. Kulikuwa na sauti mpya ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwenye raketi yake, nzito na fupi, kama mlango mzuri unapofungwa. Ilipokuja alisimama kidogo akitazama nyuzi, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

Tatizo lilikuwa mji.

Mwanamume wa Mercedes anayetembea bila themosi anaonekana kwa mbali kuliko anayetembea bila suruali. Siku ya tatu muuza mikate alimshika mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ni tumbo, Bwana Wilmar, au ni hivi vitu vingine?" Siku ya tano mteja aliyekuja kuchukua cherehani alimpa pole akaondoka bila kubishana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Siku ya nane padri alisema anaweza kupita nyumbani, akihitajika.

Mkewe Mirtha alivumilia mpaka siku ya tisa. Akaweka sahani mezani kwa nguvu.

"Mzee, mwanamume akiacha themosi ana mwanamke au ana kansa. Niambie ni lipi, nijue nguo ya kuvaa."

"Ni pigo la mgongo wa mkono."

Mirtha akavuta kiti, akakaa.

"Ningependelea mwanamke," akasema. "Angalau ningemjua kwa jina."

Lakini alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya nyayo, ng'ombe na mapazia. Alipomaliza, Mirtha aliondoka akarudi na themosi, akampimia yerba, akamnywesha yeye mwenyewe, kibuyu kwa kibuyu, kama mgonjwa. Hakutaka mumewe aende jikoni kwa Ledesma. Alikuwa amemwona mke wa Ledesma akifua nguo za moshi.

Kosa la Mirtha lilikuwa moja. Jumapili ile ya pili, kwa mama yao, Hebert alimwuliza, "Huyu shemeji anaumwa nini?" Naye, kwa kumtetea mumewe, akacheka na kusema, "Hana ugonjwa, anatibu mkono wa themosi." Akaeleza yote. Hebert akasema, "Kumbe," akaendelea kula.

Siku ya mechi watu walijaa. Thelathini hivi, kila mmoja na themosi yake kwapani, wamesimama kwenye uzio kama jeshi lisilo na haraka. Bi Zulma alikuwa juu ya ndoo. Ledesma alisimama mlangoni mwa jiko lake na makoleo ya moto mkononi, kwa sababu baada ya seti angeanza kumfundisha mrithi.

Hebert alianza kama kila mtu alivyoanza kwa miaka kumi na tisa: mpira wa kwanza upande wa kushoto wa Wilmar. Wilmar akarudisha raketi kwa mkono wa kushoto, bega likaja chini ya kidevu, mapazia yakafunguka. Mpira ulipita kando ya Hebert kabla hajauinua mguu.

Kwenye uzio mtu mmoja alipaliwa na mrija.

"Huyo ni nani?" mwingine akauliza.

"Ni Bidegain."

"Bidegain gani?"

Ikawa gemu mbili kwa bila, tatu kwa bila, tatu kwa moja, nne kwa moja. Wakabadilisha upande. Wilmar alijifuta jasho, na moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba alianza kuwapenda watu wote, pamoja na shemeji yake.

"Shemeji," Hebert akasema, akitoa themosi kwenye ule mkoba wake, "nishikie kidogo, nifunge kamba za viatu."

Unafanyaje? Mtu akikupa themosi, unashika. Wilmar aliipokea, na kwapa likafunguka lenyewe, likaimeza. Hebert alifunga kamba ya kiatu cha kulia. Akaifungua. Akaifunga tena. Akahamia cha kushoto. Akakumbuka soksi. Zilipita dakika mbili, na joto la chupa likaingia mbavuni mwa Wilmar kama habari njema kutoka nyumbani.

"Ahsante, shemeji. Nina miguu mibaya, unajua."

Mpira wa kwanza wa gemu iliyofuata ulikwenda kushoto, na Wilmar akafukuza nyuki. Wa pili pia. Ikawa nne kwa mbili, nne kwa tatu. Wakabadilisha upande.

"Shemeji, nishikie tena, jicho limeingia udongo."

Nne kwa nne. Nne kwa tano. Wilmar hakuelewa. Alikuwa akifanya kila kitu kama kwenye daftari, lakini raketi ilirudi nyuma peke yake, na mkono wa kushoto uliendelea kulinda maji. Kutoka jikoni ulisikika mlio wa makoleo, kra, kra, Ledesma akiyajaribu.

Walipokuja kubadilisha upande tena, Wilmar aliinama kuokota taulo na akaona shati lake. Mgongo na kifua vilikuwa vimelowa jasho kote, isipokuwa upande wa kushoto, chini ya kwapa, palipokuwa na alama kavu, ndefu, ya mviringo, yenye ukubwa wa themosi. Akageuka. Bi Zulma, juu ya ndoo, alikuwa ameweka kidevu mkononi na alimtazama kama anavyotazama mvua iliyochelewa. Hakusema kitu. Hakuwa ameulizwa.

"Shemeji," Hebert akasema, "nishikie mara moja tu, hii kamba jamani..."

Wilmar akaipokea. Akaipokea kwa mkono wa kulia. Akafungua kifuniko kwa kidole gumba, akanyoosha mkono, na akayamwaga maji yote juu ya udongo, polepole, kwenye mstari wa nyuma, mpaka tone la mwisho.

Watu thelathini walitoa mirija midomoni. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Kwenye uzio ule kulikuwa na watu walioshuhudia mafuriko, talaka na kufungwa kwa kiwanda, lakini maji yaliyopimwa joto lake sawasawa, yakimwagwa chini mchana kweupe, hawakuwa wameyaona.

"Uwanja umekauka," Wilmar alisema, akamrudishia chupa.

"We... wewe ni mnyama!" Hebert alipata sauti. "Maji ya nyuzi joto sabini na nane hayo! Nimeyapima!"

"Funga kamba, shemeji. Tucheze."

Hebert alirudi uwanjani. Mikono yake miwili haikukubaliana tena. Mmoja ulitaka kupiga na mwingine ulitaka kukaba mtu koo. Tano kwa tano. Sita kwa tano. Wilmar alipata pointi ya kumaliza, na Hebert, kwa hasira au kwa mazoea, akaupeleka mpira kushoto, ndani kabisa, kwenye kona.

Wilmar alifika. Bega, kidevu, mguu wa kulia. Akafungua mapazia ya nyumba nzima. Mkono wa kushoto ulikwenda nyuma kwa nguvu hata kofia ikamwanguka, na mpira ukanyooka na mstari wa pembeni, ukagusa, ukaacha alama.

"Nje!" Hebert akapiga kelele kabla haujatulia.

"Ndani," Wilmar akasema.

Akaitwa Bi Zulma, kwa kuwa hakuna aliyejua udongo kuliko yeye. Alishuka kwenye ndoo, akavuka uwanja bila haraka na ufagio wake, akainama juu ya alama. Akaitazama upande huu, akaizunguka, akaitazama upande ule. Hata Ledesma aliacha makoleo.

"Imegusa," akasema, na akaifagia palepale.

"Ngoja, mimi sijaiona!" Hebert alilia.

"Ulikuwa unapiga kelele. Kelele hazioni."

Jioni hiyo Wilmar alikwenda kuburuta gunia kama kawaida. Alipomaliza mzunguko wa arobaini alikaa karibu na ndoo ya Bi Zulma.

"Bi Zulma, niambie ukweli. Ule mpira uligusa?"

"Uligusa. Nusu nzima. Mimi kwenye udongo sisemi uongo."

Wilmar akalishika gunia.

"Na hili gunia? Kwenye bega lilisaidia nini hasa?"

Bi Zulma alifikiri, kwa sababu alikuwa mama mkweli.

"Kwenye bega sijui," akasema. "Goti langu la kulia lilisaidika sana kwa kupumzika."

Jumapili iliyofuata Fray Bentos walikuja. Wilmar alifika klabuni akiwa amevaa mkoba wa ngozi wenye mkanda wa begani. Mirtha alikuwa amemnunulia na kumwambia ama auvae au arudi kwenye nyuki. Wageni waliuona wakacheka wazi, na mmoja akamwuliza kama ametoka Buenos Aires. Wilmar aliona haya mpaka masikioni, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa huru, ikining'inia kama mikono ya mtu mwenye likizo. Alikuwa wa nne. Akaenda kupasha mwili.

Jikoni, Ledesma alikuwa amemkabidhi Hebert makoleo kwa taratibu zote, kama anayemwambukiza mtu ugonjwa wa heshima. Cheche ilikuwa imeruka asubuhi ikakata mkanda wa mkoba wa Hebert. Basi alisimama katika moshi akigeuza mbavu kwa mkono wa kulia, na themosi ameibana chini ya kwapa la kushoto, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alichoma vizuri. Watu walipiga makofi.

Bi Zulma alipita na gunia lake, akasimama, akakitazama kile kiwiko kilivyokaa mbavuni. Akalikunja goti lake la kushoto, akalinyoosha, akasikiliza linavyolia. Kisha akaenda zake bila kusema neno, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.